Wali wa Langoni

Siku ya kufunga shule watoto wa mtaa mzima hurukaruka kama waliotoka kifungoni. Mama Ukoko yeye huanza kupima mchele. Mwezi mzima wa likizo jiko la shule haliwaki, na jiko lisipowaka mpishi halipwi. Ndivyo mkataba wake ulivyosema, na mkataba haujali kwamba matumbo hayafungi muhula.

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo. Kila siku, baada ya kugawa chakula cha mchana, walikuwa wakimwona ameinama ndani ya sufuria kubwa, kichwa na mabega vimezama, akikwangua ukoko na kuufunga kwenye mfuko. Hakuchukia kuitwa hivyo. Ukoko ule uliolowekwa kwa maji ya moto na kutiwa kitunguu ndio uliokuwa chakula cha jioni cha watoto wake watatu, na mtu hachukii kinachomlisha. Lakini likizo haina ukoko.

Kwa hiyo siku ya kufagia stoo ilikuwa kwake kubwa kuliko sikukuu yoyote. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Muhula ukiisha, magunia yaliyokwisha kufunguliwa yalimiminwa na wapishi watatu wakagawana kilichobaki, kisije kikaliwa na panya. Walimu walijua, mwalimu mkuu alijua, na kila mmoja alijifanya hajui. Muhula huu tu ndipo mhasibu mpya, kijana nadhifu wa kalamu mbili mfukoni, alipobandika tangazo kwamba kila kilichobaki kipimwe na kuingizwa kwenye hesabu.

"Tangazo si limesema tusiguse kitu?" aliuliza mpishi mdogo. Huyo walimwita Bi Harusi, maana kila muhula alitangaza kuwa ndoa yake imekaribia.

"Panya hawasomi matangazo," alijibu Bwana Funguo, mtunza stoo, huku mafunguo yake yakilia kiunoni. "Hebu tandikeni vitambaa vyenu. Leo nawajazia."

Akawajazia kweli. Bibi Chumvi, mpishi mzee aliyemfundisha Mama Ukoko kila anachokijua kuhusu moto na sufuria, alipewa kilo tano za mchele. Bi Harusi tano. Mama Ukoko alipewa tano, kisha Bwana Funguo akamwongezea bakuli moja la kufurika. "La wale watatu wako," alisema. Juu yake yakaja maharage, na mafuta yaliyobaki chini ya chupa. Bibi Chumvi alimwombea mtunza stoo maisha marefu na wajukuu wengi. Hakuna aliyeuliza ukarimu ule umetoka wapi mwaka huu, na kwa nini yule aliyekuwa akigawa kwa kijiko leo anagawa kwa bakuli. Wakacheka, wakafunga vitambaa vyao, wakaondoka kila mtu na njia yake.

Nyumbani, Mama Ukoko aliumimina mchele kwenye ndoo yenye mfuniko, akauweka juu ya kabati. Kila siku kibakuli kimoja na nusu, kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kilichopungua kingezibwa na viazi, na viazi vikipungua kingezibwa na uji, na uji ukipungua watoto wangeambiwa walale mapema. Mumewe, fundi rangi, hakuwa na cha kuongeza. Mvua zilianza, kazi yake ikakauka. Hakuna anayepaka ukuta unaolowa.

Wiki ya pili ya likizo, mtoto wa kati aliingia mbio. Huyu walimwita Redio kwa sababu habari haikukaa tumboni mwake hata dakika tano. Likisemwa jikoni, kabla maji hayajachemka mtaa umeshalisikia.

"Bustani ya bembea! Siku ya sikukuu watoto bure! Wote wanaenda, mpaka wale wa muuza mkaa!"

"Bure kweli?" aliuliza dada yake mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekwisha kuzoea kutoamini neno hilo.

"Wakubwa ndio wanalipa."

"Basi mtaingia ninyi," fundi rangi alitania, "mimi na mama yenu tutawapungia mkono kwenye uzio."

Kitinda, wa mwisho, mwenye miaka minne, alidhani ni kweli, akaangua kilio. Ilibidi baba yake ambebe na kumzungusha chumba kizima, akiigiza bembea, mpaka kile kilio kikageuka kicheko. Mama Ukoko aliwatazama, akajikuta anacheka nao. Ilikuwa siku nyingi tangu sauti hiyo isikike mle ndani. Kesho yake fundi rangi alienda kupaka mlango wa choo cha muuza mkaa. Alilipwa nusu kwa fedha na nusu kwa mkaa, akageuza fedha ile kuwa tiketi mbili na nyama robo kilo. Mkaa ukawa wa kuipikia.

"Vibakuli vinne na nusu?" Dada alishtuka alipomwona mama yake akichota mchele alfajiri ya sikukuu. "Mama, hiyo si ya siku tatu?"

"Leo tunakula siku tatu kwa mara moja. Siku zitakazofuata tutaikumbuka hii."

Alikaanga kitunguu mpaka kikawa chekundu, akatia nyama, akatia mchele na maji, akafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Harufu ilitoka nje na kuita majirani kwa majina. Sufuria yake mwenyewe haikuwa na mfuniko, kwa hiyo alipikia kwenye sufuria ya shule, na hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya kubebea. Alikuwa akiiazima kila likizo na kuirudisha siku ya kufungua. Ubavuni ilikuwa na herufi nyekundu zilizonyooka kama za mashine: MALI YA SHULE, JIKO.

"Mwandiko wangu huo," alisema fundi rangi. Mwaka juzi shule ilimpa kazi ya siku mbili ya kutia alama vyombo, na hakuchoka kuwakumbusha. "Tazama hiyo M. Nani mwingine mjini hapa anaiweza M kama hiyo?"

"Ifunge vizuri isimwagike, wewe na M yako."

*

Walitembea saa nzima na zaidi. Fundi rangi alibeba sufuria iliyofungwa kwenye kitambaa, Mama Ukoko alimbeba Kitinda, na Redio alitangulia mbele akiwaarifu wapita njia wote wanakokwenda. Mvua ilikuwa imepumzika. Walipofika, foleni ilikuwa imezunguka kona, watu wamevaa vizuri, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa.

Langoni palikuwa na mlinzi mwanamke mwenye glavu nyeupe, na meza. Juu ya meza kulikuwa na mikate, mayai ya kuchemsha na chupa tatu za sharubati, vyote vilivyozuiwa kwa watu. Ukutani palikuwa na bango jipya. Mama Ukoko alilisoma akiwa bado mtu wa sita kutoka mbele: HAIRUHUSIWI KUINGIA NA CHAKULA WALA VINYWAJI.

"Mwaka jana halikuwepo," alimnong'oneza mumewe.

"Sema ni nguo."

Zamu yao ikafika.

"Umebeba nini hapo, baba?"

"Nguo za mtoto," alijibu fundi rangi.

Mlinzi aliinama, akanusa. "Nguo za mtoto mmezikaanga na kitunguu?"

Foleni yote ilicheka. Hata mtu mmoja wa nyuma, ambaye hakusikia kitu, alicheka ili asipitwe. Mlinzi alifungua fundo, akaivua ile sufuria kitambaa, akaiweka juu ya meza wazi mbele ya watu.

"Sikia, mama," alisema, sasa akimgeukia Mama Ukoko, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mimi naagizwa tu. Ndani kuna kibanda, chakula kinauzwa. Hiki ama mkiache hapa mpaka mtakapotoka, ama mle nje kwanza. Lakini kukiacha sikushauri. Meza hii ina wenyewe, hamtakikuta."

"Turudi nyumbani," alisema fundi rangi. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Turudi?" Mama Ukoko alimtazama. "Saa nzima ya mguu, na tiketi umeshazishika mkononi? Tutakula. Wali hauna aibu, aibu tunayo sisi."

Wakakaa kando ya uzio, juu ya ukingo wa mtaro, hatua tano kutoka kwenye foleni. Vijiko vilikuwa viwili kwa watu watano, vikawa vinazunguka. Foleni iliwatazama kwa muda wote waliokula, maana foleni haina kazi nyingine. Mtoto mmoja alimvuta mama yake nguo akasema na yeye anataka kula pale, akazabwa kikofi. Dada alikula ameinamisha uso, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa. Redio peke yake ndiye aliyefurahia, akawa anawaonyesha watu kila kipande cha nyama kabla ya kukitia kinywani.

"Shikamoo, mama."

Mama Ukoko aliinua kichwa. Mhasibu alikuwa amesimama mbele yake, hana kalamu leo, amevaa shati la maua, na mkewe pembeni ameshika watoto wawili wenye viatu vyeupe. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, na siku zote alimwamkia kwa adabu. Leo adabu ile ilimchoma.

"Marahaba, bosi. Karibuni."

"Huyu ni mpishi wetu," mhasibu alimwambia mkewe. Macho yake yalikuwa yameteremka hadi kwenye herufi nyekundu, yakakaa hapo. "Sufuria yetu nayo imekuja kutembea."

"Nitairudisha, bosi. Huwa nairudisha."

"Najua. Na wali unanukia vizuri." Alitabasamu. "Mchele mzuri sana huu."

"Wa shule!" alisema Redio kwa fahari. "Mama alifagia stoo!"

Mama Ukoko alimjaza Redio kijiko cha wali mdomoni, lakini redio ikishatangaza imetangaza. Mhasibu alimpapasa mtoto kichwani, akamwambia ale ashibe, akaongoza familia yake kuelekea langoni. Mama Ukoko alirudisha kijiko chake ndani ya sufuria. Nusu ya wali ilikuwa bado ipo, akawaachia watoto na baba yao waumalize.

*

Ndani palikuwa pazuri kweli. Bembea sita, mteremko wa bati, bwawa la kina cha goti, majani yaliyokatwa vizuri. Watoto walitoweka mara moja. Fundi rangi na mkewe walikaa chini ya ukuta, sufuria tupu kati yao. Mlinzi aliiruhusu iingie baada ya kuifunua na kuhakikisha haina kitu.

"Atanifukuza," alisema Mama Ukoko.

"Kwa mchele wa kitambaa?"

"Tangazo lilikuwepo. Tuliambiwa, tukacheka."

Fundi rangi alichuma jani, akalipasua vipande vipande. "Basi mfuate kabla hajakufuata. Mtu akiombwa radhi siku ya sikukuu, tena mbele ya mkewe, ataona haya kukataa. Mwambie umekosa, utafidia."

"Na akiniuliza nilikuwa na nani?"

"Usitaje mtu. Wenzako ndio watu wako pale jikoni. Ukiwatia ndani, hata akikubakisha utapika na nani?"

Na yeye Mama Ukoko ndivyo alivyofikiri. Bibi Chumvi alibakiza mihula miwili tu apate kiinua mgongo chake, na hakuna kazi nyingine itakayompokea na magoti yale. Bi Harusi alikuwa akimtunza mama mgonjwa. Kilo tano za mchele zilikuwa kosa dogo kwa mtu mmoja. Kwa watu watatu lingekuwa genge. Akanyanyuka, akajifunga nguo vizuri, akavuka majani. Kazi yake ilikuwa mkononi mwa yule kijana, na watoto wake watatu walikuwa wanategemea ukoko wa kazi hiyo.

Mhasibu alikuwa kwenye benchi karibu na kibanda. Redio alikuwa ameshafika hapo kabla yake, kama kawaida, na mke wa mhasibu alikuwa anamnunulia aiskrimu.

"Bosi, samahani nawakatiza. Nimekuja kuomba radhi."

"Kaa, mama."

Hakukaa. "Ule mchele nilichukua kweli. Nilikuwa najua kuna tangazo. Nimekosa. Nikatwe kidogokidogo muhula ujao, nitalipa wote."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Yule bibi?"

"Hapana."

"Yule binti wa harusi?"

"Hapana, bosi. Ni mimi tu."

"Na mtunza stoo alikuwa wapi?"

Hapo Mama Ukoko alisita. Aliiona sura ya Bwana Funguo akicheka, akimwongezea bakuli lile la watoto. Mtu huwezi kumuuza aliyekuongezea. Tena ukimtaja yeye, utakuwa umewataja wote.

"Alikuwa ametoka," alisema. "Alitoka kidogo, mimi nikapata nafasi."

Mhasibu alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Mama Ukoko alidhani ni huruma.

"Na yeye aliniambia hivyohivyo," alisema mhasibu. "Kwamba alitoka kidogo, akaacha funguo, na aliporudi alikuta magunia manne ya mchele hayapo, na mawili ya maharage. Mimi sikumwamini, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeshaandika jina lake."

"Magunia mangapi?"

"Manne. Na mawili."

"Bosi, mimi nilibeba kwenye kitambaa!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, watu wakageuka. "Kilo tano na bakuli! Mgongo gani huu wa kubeba magunia manne?"

"Mume wako si yupo?" alisema mhasibu, na kwa mbali akamtupia jicho fundi rangi aliyekaa chini ya ukuta akipasua majani.

Ndipo Mama Ukoko alipolielewa lile bakuli la ziada. Alilielewa lote kwa mara moja, pamoja na kicheko, pamoja na panya wasiosoma. Walijaziwa vitambaa ili siku ya kuulizwa kila mmoja awe na kitu cha shule nyumbani kwake.

"Sio hivyo," alisema. "Ngoja niseme kweli. Tulifagia wote. Yeye mwenyewe ndiye aliyetugawia, kwa mkono wake, alikuwepo pale amesimama."

"Mama, sasa hivi umeniambia alikuwa ametoka."

"Nilikuwa namficha!"

"Kwa hiyo dakika moja iliyopita ulikuwa unadanganya, na sasa ndiyo kweli?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, tena kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sikia. Bodi imenipa mpaka shule ifunguliwe. Nisipowapa jina, fedha hiyo inakatwa kwangu. Tangu tufunge shule sijalala. Wewe umekuja mwenyewe kwa miguu yako, hukuitwa, umesema ni wewe na ulikuwa peke yako. Mke wangu amesikia. Unataka nifanye nini?"

"Baba watoto, mwache," alisema mkewe akitazama pembeni. "Leo sikukuu."

"Namwacha. Shule ikifunguliwa usiende jikoni, mama. Njoo ofisini kwangu kwanza, tutaandika barua. Nitajitahidi wasikupeleke polisi."

Redio alikuwa amesimama palepale, aiskrimu inamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. "Mama, lamba kidogo," alisema. "Tamu kweli."

Mama Ukoko alilamba. Hakujua angefanya nini kingine.

*

Fundi rangi aliposikia habari ya magunia, kwanza alicheka. "Manne? Tungekuwa na magunia manne tungekula langoni?" Kisha kicheko kikakatika, akasimama, akakunja mikono ya shati. Mkewe alimshika suruali akamvuta chini.

"Watoto wanaona."

"Wacha waone! Huyo Bwana Funguo ninamjua anakokaa."

"Utaenda umpige, kisha wawe na sababu mbili. Kaa."

Akakaa. Akaliegemeza paji la uso kwenye magoti yake. Mama Ukoko aliweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo. Kosa lilikuwa lake yeye aliyesema, na lilikuwa la mumewe aliyeshauri, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nguvu ya kuligawa. Baadaye Mama Ukoko alinyanyuka akaenda kwenye bembea, akamsukuma Kitinda.

Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema twendeni, giza litaingia, kesho kuna kazi. Leo Kitinda alipochoka alimpandisha Redio, Redio alipochoka akamwita Dada, aliyekuwa amekaa kando siku nzima akijifanya mkubwa wa kubembea.

"Panda."

"Mama, si tuondoke? Watu wameanza kutoka."

"Panda, nimesema."

Dada alipanda. Mama yake alimsukuma mpaka miguu yake ikapita juu ya uzio, mpaka msichana akasahau ya langoni, akapiga kelele za furaha kama mtoto. Mara tatu aliomba kushuka na mara tatu akaambiwa bado. Walikuwa wa mwisho kutoka. Mlinzi wa glavu ilibidi awapigie filimbi.

*

Njia ya kurudi ilipita kwa Bibi Chumvi. Mama Ukoko alimwambia mumewe atangulie polepole na watoto, yeye akapanda kibarazani. Mzee alikuwa kwenye kigoda, sinia la maharage mapajani, anachambua. Maharage yalikuwa yaleyale.

"Karibu, mwanangu. Mmetoka matembezi?"

Alimweleza yote akiwa amechuchumaa mbele yake, kama alivyokuwa akichuchumaa miaka ile alipokuwa anafundishwa kupuliza moto. Bibi Chumvi aliendelea kuchambua. Jiwe moja, akatupa. Jingine, akatupa.

"Sitaki ubebe chochote, bibi. Twende wote watatu tukaseme tu kwamba alitugawia yeye. Watu watatu wakisema neno moja atasikia."

Mzee alimaliza sinia kwanza. Alipozungumza hakuinua macho.

"Siku ile mimi niliondoka mapema," alisema. "Magoti yalinisumbua, nikaomba ruhusa saa sita. Hata wewe ulinisindikiza getini."

"Bibi."

"Nimebakiza mihula miwili, mwanangu. Miwili." Vidole vyake vilikuwa vinatafuta maharage kwenye sehemu ya sinia ambayo haikuwa na kitu. "Unakumbuka uliponisindikiza?"

Mama Ukoko alimtazama yule mwanamke aliyemfundisha kupika kwa watu mia nne. Alitaka kumchukia, ingekuwa rahisi, lakini chuki ilikataa kuja. Kumbe ndivyo na yeye alivyowaza pale kwenye majani, mihula miwili, magoti, kiinua mgongo. Walikuwa wamewaza jambo lilelile, kila mmoja upande wake.

"Nakumbuka, bibi," alisema, akashuka kibarazani.

Aliwakuta mumewe na watoto karibu na nyumbani. Jua lilikuwa linazama na muuza mkaa alikuwa bado amekaa mbele ya magunia yake, akipima mafungu ya jioni.

"Haya, Redio, fungulia," aliita. "Habari za bustani?"

"Nzuri sana! Tumekula wali na nyama nje, watu wote wakituangalia. Halafu mke wa bosi amenipa aiskrimu. Halafu Mama ametusukuma bembea mpaka filimbi, hajatugombeza hata mara moja!" Redio alivuta pumzi, maana habari kubwa aliiweka mwisho. "Na bosi amempa Mama likizo ndefu. Amesema hata shule ikifunguliwa asiende jikoni."

Dada aligeuka akamtazama mama yake. Fundi rangi alihamisha sufuria kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, herufi zikaangalia mguuni kwake.

"Mama Ukoko!" alisema muuza mkaa, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Hongera sana. Sisi wengine hata leo tunapima mkaa. Ndefu kiasi gani?"

"Ahsante, jirani," alisema Mama Ukoko. "Ndiyo kwanza imeanza."